Wajomba Walioniita Papa

Kwamba babu yangu mzaa mama aliitwa Kalinda, nimeambiwa. Kwamba alikuwa mwindaji, kwamba chui alimrarua paja, kwamba alikufa wakati wa mvua kabla mimi sijazaliwa, yote hayo nimeambiwa, na walionieleza hawakukubaliana hata juu ya paja lenyewe, kama lilikuwa la kulia au la kushoto. Kwamba nilipewa jina lake, hilo nina hakika nalo, kwa kuwa nimelibeba maisha yangu yote. Na kwamba nilipokuwa mtoto ambaye hajaota meno ya ukubwani nilikaa kwa wajomba zangu katika msitu wa Walikale, na watu wazima wenye ndevu wakaniita Papa, yaani baba, na kunipisha kiti, hilo niliona na kusikia mimi mwenyewe. Msomaji wa rika langu atanivumilia nikiyatenganisha mambo haya mapema. Nimeishi katika nchi ambamo watu wengi wameumia kwa sababu ya habari iliyoanza na neno "wanasema", na nimezeeka na desturi ya kumuuliza kila mleta habari swali moja tu: wewe ulikuwapo?

Kilichonirudisha huko ni mtoto mchanga. Juzi, hapa Kingi, kijijini kwetu milimani, mke wa mjukuu wangu aliingia nyumbani kwangu akaniwekea kitoto chake mapajani. "Papa, huyu njo weye," akasema, yaani huyu ndiye wewe. "Tumemupatia jina yako." Binti yangu mkubwa, ambaye mvi zimeanza kumjaa, aliinama akamsalimu yule mtoto kwa adabu zote: "Jambo Papa, umelala muzuri?" Watu wakacheka. Mtoto akapiga chafya. Walikuwa wamempaka mafuta meusi ya kokwa za mawese, na harufu ile, nzito, yenye moshi ndani yake, ilinifikia kabla sijajiandaa. Nilicheka pamoja nao, lakini kicheko changu kilikuwa kifupi, na walipoondoka nilibaki nimeketi muda mrefu bila kufungua kitabu nilichokuwa nikisoma.

Wenzangu wanaijua desturi hii, kwa hiyo sitaieleza kwa urefu. Mtoto akipewa jina la babu, anapewa pia nafasi yake katika maneno: mama mzazi humwita baba, wajomba humwita baba, bibi humwita mume wake. Huku kwetu milimani ni mzaha wa heshima, na haumzuii mtoto kuchapwa akimwaga maziwa. Kule msituni, katika miaka ninayoizungumzia, haukuwa mzaha. Au tuseme mimi sikuelewa kwamba ni mzaha, na tofauti kati ya mambo hayo mawili sijaweza kuipima hadi leo.

Nyumbani Kingi sikuwa mtu wa kutazamwa. Nilizaliwa katikati ya ndugu wengi. Shati langu lilikuwa limevaliwa na wengine kabla yangu, na sehemu yangu ya kulala ilikuwa ile iliyobaki baada ya wakubwa kujinyoosha. Kazi yangu ilikuwa kuokota viazi nyuma ya jembe la mama. Mama alikuwa mtu wa Walikale aliyeolewa milimani, na baridi yetu hakuizoea. Alipokuwa na furaha aliniita Papa, na alipokuwa na hasira alisahau jina lolote na kunionyesha kwa kidole. Bibi yangu, mama yake, ambaye wote tulimwita Koko, alikuwa akituma habari kwa kila mpita njia: mumewe aletwe, amwone. Baada ya habari hizo kurudiwa mara nyingi, baba aliamua kunipeleka.

Tulitembea kwa miguu, baba mbele na mimi nyuma, tukishuka kutoka kwenye nyasi za ng'ombe hadi mahali ambapo anga lilikatwa vipande vidogo na majani ya miti. Baba hakuwa msemaji. Nilipomuuliza kwa nini Koko ananitaka mimi na si kaka zangu, alijibu bila kugeuka: "Njo weye uko na jina. Wao hawana." Nililitafakari jibu hilo njia nzima. Nilijua kwamba kaka zangu wana majina, nilikuwa nikiyaita kila siku. Nikakata shauri kwamba majina yao hayana kitu ndani, na langu lina mtu.

Tulipofika, Koko alikuwa akimenya ndizi mbele ya mlango. Alisimama, akapangusa mikono kwenye kitenge chake, akanisogelea, akapiga goti. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akipiga goti mbele yangu. "Bwana yangu," akasema, "umekawia. Umeniacha na kazi hii yote, na hawa watoto yako wawili njo kunisumbua tu." Wanawake wa jirani walipiga vigelegele. Wale "watoto wangu wawili" walitoka barazani kunipokea: mjomba Musafiri, mkubwa, mwenye mvi kwenye ndevu, mtu wa maneno machache, na mjomba Kamala, mdogo, ambaye hakuweza kupita karibu na mtu bila kumtania. Wote wawili walinipa mikono miwili. "Karibu Papa," walisema. Baba alilala usiku mmoja akarudi kwenye maharagwe yake, akanihakikishia kwamba atanifuata baada ya mavuno.

Kiti cha Kalinda kilikuwa cha mti mmoja, cha kuegemea, kilichong'arishwa na mgongo wa mtu. Niliwekwa juu yake siku ile ile, na miguu yangu haikufika chini. Wawindaji waliporudi, ini la mnyama wa kwanza lililetwa kwangu juu ya jani, kabla mtu mwingine hajala. Mbwa wa kule hawabweki. Huvishwa kengele ya mti shingoni ili mwindaji ajue walipo, na kijiji chote kilijaa mlio huo mkavu kutwa nzima. Mbwa mmoja mzee alikuwa wa Kalinda, na kwa kuwa alilala chini ya kiti changu, watu walisema amenitambua. Mimi niliona kwamba mbwa yule alilala popote palipokuwa na kivuli. Lakini sikusema, kwa sababu maneno ya watu yalikuwa matamu kuliko niliyoyaona.

Kila asubuhi Koko aliniosha na kunipaka mafuta yale meusi. Nina alama ya kuzaliwa pajani, juu kidogo ya goti la kushoto, nyekundu, yenye umbo la jani lililokunjwa. Alipoifikia alipunguza mkono. "Chui yako hii hapa," alisema. "Haijakuacha." Alama ninayo hadi sasa. Juu ya chui sina la kusema.

Mtoto akipewa heshima asiyoielewa huitafutia maelezo, nami niliyatafuta yangu. Niliamini kwamba Kalinda yumo ndani yangu kama mtu aliyelala katika chumba cha nyuma. Kwa sasa amechoka kwa kufa. Siku moja ataamka, atafungua mlango, ataingia sebuleni, na mimi itanibidi kumpisha kama wajomba walivyonipisha kiti. Sikujua nitakwenda wapi. Nilikuwa nikiketi kwenye kiti kile, mdomo umejaa ini, nikisikiliza ndani ya kifua changu kama kuna anayejigeuza. Nilimtaka aje, kwa maana ndiye aliyependwa. Na nilimwogopa, kwa maana akija, mimi nimekwisha. Sikumweleza mtu yeyote. Nadhani kila mmoja wetu amewahi kuishi na hofu ya namna hiyo chini ya nguo zake, akitabasamu.

Kisha ukazuka ugomvi. Nyuma ya migomba ya Koko palipita kijito, na juu ya ukingo wake alikuwa amezikwa Kalinda. Kamala alikuwa amefanya kazi kwa wachimbaji wa upande wa Omate, akarudi akijua kuosha mchanga katika beseni na kuona dhahabu mahali ambapo wengine waliona matope. Alisema kijito kile kina mali. Musafiri alisema baba yao alikataza pasichimbwe, alikataza siku ya kufa kwake, na yeye Musafiri ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Kamala akasema ni kinyume: baba yao, akiwa bado mzima, alisimama naye ndani ya maji yale na kumwahidi kwamba siku moja yatamlisha. Hakuna mmoja kati yao aliyekuwa na shahidi. Koko alipoulizwa alisema kwamba mara zote mbili alikuwa shambani.

Niliuona ugomvi huo ukikua. Kwanza waliacha kula sahani moja. Kisha waliacha kwenda kuwinda pamoja, na kwa watu wanaowinda kwa nyavu hilo si jambo dogo, kwa kuwa wavu mmoja haufungi msitu. Siku moja Kamala alichukua koleo akaelekea kijitoni, na Musafiri akasimama njiani na mkuki, bila kuunyanyua, ameushika tu. Koko alikuwa akiniongezea ini kwenye jani. Aliweka jani chini.

"Munapigana nini," akauliza, "na Papa wenu iko hapa? Ameketi. Anakula. Mumuulize mwenyewe!"

Wote waligeuka kunitazama. Nakumbuka kwamba niliacha kutafuna.

Wakapatana kwamba nitaulizwa Jumapili, ndugu wa vijiji vya jirani wakishatoka kusali. Nitakalosema litakuwa neno la mwisho. Katika siku zilizobaki, kila mjomba alinichukua peke yake, na sidhani kwamba yeyote kati yao alijiona anadanganya. Walinijia kama watu wanaomkumbusha mzazi aliyezeeka.

Kamala alinibeba mabegani hadi kijitoni, akanisimamisha katika maji yaliyofika magotini.

"Papa, unapakumbuka hapa?"

Nilitazama miguu yangu ndani ya maji.

"Ulisimama pale pale. Ukanyoosha mukono, namna hii. Ukasema, Kamala, hii maji siku moja itakulisha. Kisha ukacheka. Unakumbuka vile ulicheka?"

"Nilicheka namna gani?"

"Kama mbuzi iko na kikohozi." Naye akaigiza, hadi ndege wakaruka kutoka mitini. "Usikasirike, Papa! Njo vile ulikuwa. Mama mwenyewe alikuwa anakuchekaka."

Musafiri hakunibeba. Aliniingiza katika chumba cha Kalinda, akanionyesha kitanda cha fito ambacho hakuna aliyekilalia tena. Alizungumza kwa sauti ya kanisani.

"Ulikuwa hapa, uso ku ukuta. Jasho inakutoka. Ukageuka, ukanishika hii mukono. Ukasema, Musafiri, muntu asichimbe chini yangu. Ukatikisa kichwa, ukarudia uso ku ukuta." Kisha mtu huyu mzima, mwenye mvi, aliinama akanitazama machoni na kuniuliza jambo ambalo halikuhusu kijito hata kidogo: "Papa, uliumia sana?"

Nilitamani kumjibu. Nilitamani kumwambia kwamba sikuumia.

Koko naye alikuwa na neno lake, alilolisema asubuhi ya kuniosha, kidole chake kikiwa juu ya alama. "Ukisema, bwana yangu, hawatakurudisha tena ku baridi ile. Muntu mukubwa hafukuzwi mu nyumba yake." Hivyo nilijua vizuri nitakachopata na nitakachopoteza. Nikikumbuka, nitabaki, nitakuwa Kalinda mbele ya watu wote, na Koko atakuwa na mumewe hadi siku zake za mwisho. Nisipokumbuka, nitakuwa mtoto wa milimani aliyeketi kwenye kiti kisicho chake.

Na jambo la ajabu ni kwamba nilianza kukumbuka. Sitaki msomaji adhani kwamba nilikuwa tayari kutunga. Nilifumba macho nikaona kijito, na mzee ndani yake, maji magotini, mkono umenyooka, akicheka kicheko cha mbuzi. Nilimwona kwa uwazi kama ninavyoona kalamu hii. Nikafumba tena nikaona kitanda cha fito, na mzee akitikisa kichwa, jasho likimtiririka shingoni, na huyo pia alikuwa dhahiri. Wote wawili walikuwa ndani yangu, na mmoja alimkana mwenzake. Niliwageuza usiku na mchana. Nilidhani kwamba mmoja ni kumbukumbu na mwingine ni uongo, na kwamba nikitazama kwa bidii nitaona tofauti, kama mama alivyoona kiazi kibovu kwa kukibonyeza.

Tofauti haikuonekana. Lakini katika kutafuta huko nilifanya jambo ambalo, nikilipima sasa kwa elimu yote niliyoipata baadaye, naliona kuwa ndilo wazo la kwanza lililokuwa langu kweli. Nililinganisha kumbukumbu zile na nyingine ambayo sikuwa na shaka nayo. Kabla ya safari nilikuwa nimeteleza kwenye mteremko wa shamba letu, nikaporomoka na kikapu cha viazi hadi chini. Nilifumba macho nikakumbuka. Niliona mikono yangu ikishika majani na majani yakikatika. Niliona viazi vikinipita. Niliona udongo mweusi ukija karibu na macho. Uso wangu sikuuona. Nilitafuta kila mahali katika anguko lile, na uso wangu haukuwamo.

Nikarudi kijitoni: uso wa Kalinda ulikuwapo, na kicheko chake, na meno yake. Nikarudi kitandani: uso wake ulikuwapo, na jasho. Basi aliyekuwa akitazama si Kalinda. Kalinda angeona mkono wake ulionyooka, na angemwona Kamala kijana amesimama mbele yake, asingejiona mwenyewe. Aliyekuwa amesimama pembeni akiwatazama wazee wale wawili alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeletwa pale na maneno ya wajomba.

Sikufurahi. Nilikwenda hadi kile chumba cha nyuma ndani yangu, kwa mawazo ya kitoto niliyokuwa nayo, nikafungua ule mlango niliokuwa nikiuogopa, na hapakuwa na mtu. Nyumba nzima ilikuwa yangu peke yangu, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

Jumapili baraza ilijaa. Katekista, binamu wa wajomba zangu, alifungua kwa sala ndefu, kisha akatangaza: "Mimi kama katekista, hii mambo inayofuata siioni. Mutaniambia kisha." Akageuza kiti chake akatupa mgongo, lakini hakuondoka. Nilipandishwa kwenye kiti cha mti. Koko aliketi karibu nami, amevaa kitenge cha sikukuu.

Musafiri alisimama. "Papa, tunakuuliza na heshima. Ulikataza kuchimba kule ku maji, ao hukukataza?"

"Sikuwako," nilisema.

Kengele za mbwa zilisikika. Kisha Kamala akacheka, kicheko cha mtu anayesaidia.

"Namna gani hukuwako? Si weye ulikuwa mu maji?"

"Ile ilikuwa Kalinda ya zamani. Mimi naonaka uso yake. Muntu haonaka uso yake mwenyewe."

"Huyu mutoto anasema nini?" mwanamke mmoja akauliza kutoka mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza neno mtoto kutumiwa juu yangu mbele ya nyumba ile, na nililisikia likipita baraza nzima kama upepo.

"Anasema kweli," alijibu katekista, bila kugeuka.

"Weye si ulisema huoni?" Kamala akamtupia.

"Sioni. Nasikia."

Wachache walicheka, na pengine kicheko hicho ndicho kilichoziweka silaha chini siku ile. Musafiri hakucheka. Aliketi taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba kwa mara ya pili. Nilielewa, hata kwa umri ule, kwamba hakuwa amepoteza kesi. Alikuwa amepoteza baba.

Lakini aliyenihusu alikuwa Koko. Alinigeukia, na alizungumza kwa sauti ya chini, kwangu tu.

"Na mimi? Hunikumbuki?"

"Nakujua tangu ile siku ulipiga goti."

Nilikuwa na nafasi ya kusema vingine. Ningeweza kumpa yeye peke yake kile nilichowanyima wanawe, na hakuna ambaye angeumia. Nimekutana na wenye hekima wanaosema kwamba ingekuwa wema. Sijui. Ninachojua ni kwamba nilitafuta ndani yangu kijana wa msituni anayemchumbia msichana, na nilichopata ni mwanamke mzee anayepangusa mikono kwenye kitenge. Yeye aliinuka, akachukua kikapu chake, akaenda shambani siku ya Jumapili.

Hakuna aliyeniteremsha kwenye kiti. Niliteremka mwenyewe, na ilibidi niruke. Jioni ini lilikwenda kwa Musafiri. Alikata kipande kwa kisu chake akanipa mkononi, kama mtu anavyompa mtoto. "Shika, mupwa yangu," alisema, na kuitwa mpwa wake kulinishibisha kuliko kile kipande.

Ugomvi haukuamuliwa. Ulikosa tu hakimu, na wakati mwingine hilo linatosha. Asubuhi moja nilimwona Kamala akifunga beseni na koleo kwa kamba. Hakuelekea kijitoni. Alichukua njia ya Omate, akinipigia kicheko cha mbuzi kutoka mbali, na mbwa mmoja alimfuata hadi kwenye kona, kisha kengele ikarudi peke yake. Mgongo wake huo ndio kitu chake cha mwisho nilichokiona. Siku hizi watu wengi wa vijiji vile wamekimbia vita hadi Kashuga, wanaishi chini ya maturubai, na nimekwenda huko zaidi ya mara moja kuuliza. Mmoja aliniambia kwamba Kamala alitajirika akajenga nyumba ya mabati. Mwingine aliniambia kwamba udongo ulimfunika shimoni. Wa tatu alinihakikishia kwamba aliokoka akawa mchungaji mahali fulani mbali. Nilimuuliza kila mmoja kama alikuwapo. Hakuna aliyekuwapo. Juu ya kama Kalinda alikataza au aliruhusu, nimefikia umri wa kukiri kwamba mzee mmoja anaweza kusema mambo mawili katika maisha yake na kuyamaanisha yote mawili, na kwamba wanawe wanaweza kugombana miaka mingi, kila mmoja ameshika ukweli wake.

Watu huniuliza, hasa vijana waliosoma, lini nilijitambua. Wanatarajia niseme seminari, au ualimu, au vita. Mimi sijitambui hadi leo, kama kujitambua ni kujua utafanya nini kesho ukitishwa. Yamenipata mambo ambayo sikuyadhania, na nimefanya mengine ambayo nisingeyatabiri. Nilichopata katika msitu ule ni kidogo zaidi: nilijua ni nani anayetazama. Hicho kidogo sijanyang'anywa, ingawa nimenyang'anywa vingi.

Katika siku zilizobaki kabla ya baba kunifuata, Koko hakuniita mume wake, wala mjukuu wake. Aliniita "weye". Aliniosha, akanipaka mafuta, akanilisha, na mikono yake haikuwa na hasira. Ilikuwa mikono ya mtu anayeshughulika na mgeni ambaye hajui atakaa muda gani. Habari zilizotufikia Kingi miaka ya baadaye kumhusu, jinsi alivyougua na alivyosema, ziliniuma, lakini zilikuja kwa vinywa vingi na siziandiki hapa.

Baba alikuja mavuno yalipokwisha. Asubuhi ya kuondoka Koko alisema atatusindikiza hadi kwenye daraja la kamba za msituni. Baba alitangulia. Koko alitembea nyuma yangu, na kwa sehemu kubwa ya njia nilisikia pumzi yake tu na majani yakikanyagwa. Karibu na mto alizungumza.

"Huko kwenu," alisema, "watu wanasemaka mawe inaangukaka toka juu. Mawe ya baridi. Mama yako alinitumia hiyo habari, nikasema, huyu ameolewa mbali, sasa amejua bongo, amejua kudanganya. Iko bongo?"

Nilisimama. Tangu nifike hakuna aliyekuwa ameniuliza jambo lolote kuhusu kwetu. Kalinda hakuwa na kwao kwingine.

"Hapana, Koko. Iko kweli."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu aliniambia. Iliniangukia mu kichwa. Nikaokota moja, nikatia mu kinywa."

"Ee! Mu kinywa! Na iko namna gani?"

"Inauma meno. Kisha inakuwa maji. Kisha haiko tena."

Baba alikuwa amefika katikati ya daraja, na daraja lote lilitikisika, naye akaniita kwa kupunga mkono. Koko alishika kamba ya daraja kwa mkono mmoja. Alinitazama usoni kwa makini, kama anavyotazamwa mtu aliyetoka mahali ambapo wewe hujafika.

"Basi iko kweli," alisema, nami nikakanyaga daraja.